Gari Lililoulizwa Kama Lina Mafua

"Usipasue kifua kabla ya kutazama pua." Mmeusikia msemo huu mkacheka, mkadhani ni wa waganga. Sivyo, wanangu. Ulizaliwa hapa hapa Mombo, na ulianza kwa kikohozi.

Kho! Kho! Kho! Watu wa soko la vitunguu waliusikia mlio huo kabla hawajaona kitu. Kisha likatokeza gari la Mzee Shekiondo, linateremka mlima kinyumenyume, limefunikwa na moshi mweusi. Mwanawe Singano alikuwa kwenye usukani, amekunja uso.

"Fundi!" muuza vitunguu akapaza sauti. "Siku hizi Soni mnapanda kwa kisogo?"

Gari lile lilikuwa kongwe kuliko Singano mwenyewe. Ndilo lililompandisha shangazi yake, Mwanahawa, kwenda kwa mumewe Soni alipokuwa bibi harusi. Sasa Mwanahawa alikuwa mjane, mgonjwa wa kitandani, naye aliomba jambo moja tu: ashushwe kwa gari lile lile, afie kwao. Lakini gari lilikuwa limelala bandani masika nzima. Lilipoamshwa liliwaka, ila nguvu hakuna. Kwenye tambarare lilijikokota, mlimani likakata pumzi.

Majirani wakashauri wakodi gari jingine. Singano akawaka kama petroli.

"Shangazi ashushwe na gari la watu, na mimi fundi nipo? Silinda zimekwisha hizi. Nafungua injini."

Mzee Shekiondo akasogea. "Mwanangu, hebu kwanza itazame pua yake. Masika mimi nili—"

"Pua, Baba? Kwani gari lina mafua?" Watu wakaangua kicheko, na kicheko kikamtia Singano kichwa. "Wewe ni dereva, Baba. Shika usukani, spana niachie mimi."

Mzee Shekiondo alikuwa wa wale wazee ambao neno lao likikatizwa mbele za watu, hawalirudii. Akajifuta mikono, ingawa haikuwa michafu, akaenda zake.

Singano akaipasua injini. Pistoni akazilaza juu ya gunia, vali akazipanga kwenye sinia la mama yake. Kila chuma alichokishika kilikuwa kizima. Moyo ukamwambia arudi kwa baba yake, aibu ikamzuia. Badala yake akaagiza ringi mpya za pistoni kutoka Tanga, akakaa kuzingoja. Bado alikuwa akizingoja, habari iliposhuka kutoka Soni: Mwanahawa amefariki. Mpaka mwisho alikuwa akiuliza kama kuna gari linalonguruma konani.

Walikwenda kumzika Soni kwa basi.

Waliporudi, Singano alianza kuifunga injini. Alipofika kwenye bomba la kuvutia hewa, kidole chake kikagusa kitu laini. Akavuta. Kikatoka kipande cha kanga kuukuu, kimejaa vumbi na mafuta.

"Niliiziba mimi hiyo pua," sauti ya baba yake ikasema nyuma yake. "Masika panya huingia humo wakazaa, na lilipoamshwa nilisahau kuizibua mpaka lilipokohoa. Ndilo nililotaka kukwambia."

"Kwa nini hukunikemea, Baba?"

"Ningekukemea ungesikia?"

Singano akakikunja kile kipande cha kanga, akamaliza kuifunga injini. Akaliwasha gari, akampakia baba yake. Likanguruma kama siku ile ya harusi, likaziparamia kona za Soni bila kukohoa hata mara moja. Na kila kona liliyoipita kwa wepesi ilimchoma moyo. Akaliegesha karibu na kaburi, udongo ungali mbichi, akaiacha injini ingurume. Akapiga magoti, kile kipande cha kanga mkononi.

"Shangazi," akasema kwa sauti, "gari limefika. Halikuchelewa lenyewe, nimelichelewesha mimi. Nakuahidi, na Baba anasikia: maadamu nashika spana, sitalikata tena neno la mtu mdomoni, wala sitapasua kifua kabla ya kutazama pua."