Lililofutwa Halisukumwi

"Lililofutwa halisukumwi." Ndivyo Mzee Chaula alivyomwambia mwenyekiti wenu wa kwaya leo pale kanisani, na ninyi mkaangua kicheko. Mwenyekiti alijua tangu Jumatano kwamba safari yenu imevunjika, lakini akawaacha mfanye mazoezi na kupiga pasi sare. Mzee Chaula akamtupia maneno hayo usoni, naye akainamisha kichwa. Sasa mmenijia jikoni kuniuliza yametoka wapi. Wewe Kelvini ulidhani ni maneno ya mafundi wa simu. Sogezeni viti, na anayetaka kucheka amalize sasa, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha. Chanzo cha methali hii nakijua kuliko mtu yeyote hapa Ilungu, kwa sababu kilitoka tumboni mwangu.

Nilizaa wavulana wawili. Mkubwa ni Ezroni, huyo mnayemwita Baba Mkubwa. Wa pili alikuwa Lutengano, baba yako wewe Atupele, ambaye humkumbuki kwa kuwa ulikuwa bado unanyonya. Ezroni alikuwa na gari la abiria la mtumba, na ndilo lilikuwa gari pekee kijijini. Lilipeleka watu gulioni, lilipeleka maharusi, lilipeleka wagonjwa hospitali ya wilaya kule chini. Kama hukuwahi kulipanda, basi ulikuwa hujaumwa.

Ezroni alikuwa na mikono mizuri. Redio ikinyamaza aliitwa yeye, sola ikigoma aliitwa yeye. Watu wakambandika jina la Injinia, na sifa zikizidi humpanda mtu kichwani. Sasa, gari lile lilikuwa na taa ya njano iliyowaka mbele ya dereva kila siku, na kwenye milima yetu likawa linachoka. Fundi mmoja wa Makambako alimwambia alipeleke likapimwe. Ezroni akasema, ya nini kwenda mbali wakati mikono ninayo? Akatafuta waya wake, akapakua programu mtandaoni, akachomeka laptopu chini ya usukani.

Magari ya siku hizi yana kompyuta ndani yake, kisanduku tu chenye ukubwa wa kitabu cha nyimbo, nacho ndicho kinachoiambia injini la kufanya. Ezroni alitaka kufuta maagizo ya zamani aandike mapya yenye nguvu zaidi, kama mnavyoflashi simu zenu. Kufuta kulikubali. Kuandika kulipofika katikati, betri ya laptopu ikaishiwa nguvu, na yale maagizo ya zamani hakuwa ameyanakili popote. Tangu hapo gari halikutoa hata mlio.

Akampigia yule fundi kwa siri. Fundi akamwambia asiliguse tena, atakuja Jumatatu na vifaa vyake. Linaweza kufufuka, lakini si kwa kubahatisha. Hayo yote niliyajua baadaye. Sisi alituambia ni betri. Akalifunika turubai pembeni mwa nyumba yake, na kila aliyeuliza alijibiwa, "Betri tu, litatembea." Niwaulize ninyi wasomi: kusema "nimeliharibu" kungempunguzia nini? Kungempunguzia lile jina la Injinia, basi.

Jumamosi Lutengano alikuwa msituni na wenzake wakipasua mbao. Gogo la paini likateleza, likamponda paja. Wakamleta mbio wamembeba kwenye blanketi, paja limefungwa kwa shati, na shati limelowa damu. Mimi nilikuwa shambani napalilia viazi. Niliposikia mayowe nikatupa jembe.

Pale barabarani lori la mbao lilikuwa limeshapakia, injini inanguruma. Dereva wake, mtu wa kuja, akatoa kichwa dirishani.

"Mama, nimchukue mgonjwa? Nitamlaza hapa mbele."

Kabla sijafungua mdomo, watu walimjibu kwa pamoja, "Nenda zako baba, gari letu lipo!"

Ezroni alikuwa amesimama karibu yangu, ningeweza kumshika bega. Alisikia. Nilimwona akifungua mdomo, kisha akaufunga. Lori likaanza kuteremka, likapotelea kwenye ukungu.

Tukampakia Lutengano kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu. Ezroni akazungusha ufunguo, kimya. Mtu akapaza sauti, "Betri hiyo! Sukumeni!" Na ninyi mnatujua watu wa huku. Kwa matope haya na milima hii, hakuna gari lililowahi kuishinda mikono yetu. Wanaume kwa wanawake wakaliegemea, wimbo ukaanza. Wakalipandisha mpaka kona ya kanisa, wakaliachia literemke lishtuke. Magurudumu yalizunguka, injini ikakaa kimya. Wakalipandisha tena. Katika kile kioo cha dereva nilimwona Ezroni, mashavu yamelowa, mikono imeng'ang'ania usukani. Nilidhani anamlilia ndugu yake tu.

Ndipo Lutengano akafumbua macho.

"Kaka."

"Naam, mdogo wangu."

"Hili gari lina nini?"

Ezroni hakugeuka.

"Kaka, watu wanachoka. Sema."

"Si betri," Ezroni akasema. "Kompyuta yake niliifuta, nikashindwa kuiandika. Haliwezi kuwaka."

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu Alhamisi, mama."

Chaula, ambaye siku hizo alikuwa hajawa mzee, alikuwa anasukuma akiwa ameshika mlango wa dereva. Akaachia mikono.

"Ulijua, Ezroni? Ulijua ukatuacha tunasukuma?"

"Nilijua. Lililofutwa halisukumwi, Chaula. Nisameheni. Lililofutwa halisukumwi."

Wa nyuma hawakuwa wamesikia, waliendelea kuimba na kusukuma. Kisha habari ikawafikia, na wimbo ukafa sauti moja baada ya nyingine. Naichukia sauti ya wimbo ule mpaka leo.

Wakakata fito, wakatengeneza machela. Ezroni alishika mbele na hakukubali kupokewa, hata mabega yalipochubuka. Tulipofika kwenye daraja la miti Lutengano aliomba maji. Nilipompelekea mdomoni hakuyanywa. Nilimfumba macho mwenyewe, kwa mkono huu mnaouona, tukageuka kurudi nyumbani. Dereva wa lori alikuja msibani. Alituambia kwamba siku ile alipita mbele ya geti la hospitali jua likiwa bado juu.

Tulizika Jumapili. Jumatatu fundi akaja kama alivyoahidi, akakuta watu wamekaa matanga. Alitaka kuondoka, nikamwambia afanye kazi iliyomleta. Akakitoa kile kisanduku garini, akakifungua juu ya meza hii hii, akakiandikia maagizo aliyoyanakili kwenye gari lingine la aina ileile. Alipokirudisha na kuzungusha ufunguo, gari liliwaka papo hapo. Taa ya njano haikuwepo tena. Waombolezaji wakageuza shingo kulitazama. Ezroni alikaa chini kwenye matope akaziba masikio. Gari lilifufuka, mwanangu hakufufuka.

Wapo wanaodhani methali hii inamsuta mtu kwa kuchezea asichokijua. Sivyo. Watu wanaharibu vitu kila siku, na mafundi wapo. La gari ningemsamehe jioni ileile. Alichotunyima ni neno moja, wakati lori linanguruma barabarani.

Usilie, Atupele. Au lia, una haki. Najua mnataka kuniuliza kama nimemsamehe. Ninampikia, naye anakula. Wewe amekulea na kukusomesha kama mwanawe, na hilo nalo ni kweli. Gari alilitoa kwa kanisa, na usukani hajaushika tena. Jina la Injinia lilikufa siku ileile na hakuna aliyelililia.

Lakini mtazameni siku gari likikwama hapo barabarani. Yeye ndiye wa kwanza kufika, mzee na magoti yake mabovu. Watu wanakunja mikono ya mashati, wimbo unataka kuanza, naye anawazuia. Anainama dirishani kwa dereva na kumuuliza, "Sema kweli, kijana. Tusukume, au tukatafute lingine?" Na dereva akianza kubabaika, akitazama huku na huku kama mwenyekiti wenu leo, Ezroni anawageukia watu na kuwaambia washushe mikono.

"Lililofutwa," anasema, "halisukumwi."