Chokaa Iliyowekwa Pakavu

Mtu mmoja alikuwa na tanuri la chokaa, na alikuwa na mke wa kuimwagia maji. Vuai alichoma mawe ya matumbawe mpaka yakawa mepesi kama mkate mkavu. Kisha mkewe Mwanaidi aliyamwagia maji shimoni, na Vuai akikoroga kwa mti mrefu. Mawe yalilia, yakapasuka, yakachemka pasipo kuni wala kiberiti, yakalainika kama samli. Chokaa ya namna hiyo ikishakauka ukutani, huitoi ila kwa tindo. Na haikuwa kazi ya mtu mmoja: mmoja amwage, mwenzake akoroge.

Mwanaidi akafa, na tanuri limeshaiva.

Kila jirani aliyekuja kumpa pole alimchemsha Vuai kifua. Machozi yalimfoka mbele za watu, akaona haya, mtu mzima mwenye ndevu. Akaanza kufunga mlango. Yale mawe akayafunika magunia chumba cha nyuma, mbali na maji. Asubuhi akipika chai ya watu wawili kwa mazoea, akanywa vikombe vyote viwili, kisha akajigombeza kwa sukari aliyotia.

Jirani yake Ngwali hakuchoka.

"Hodi! Vuai, umekufa au umelala?"

"Nimelala."

"Basi ukiamka niite, nije nimwage maji."

Hakumwita. Vuli ikapita, kaskazi ikapita. Ndipo binti yake Biubwa, aliyeachika huko alikoolewa, akaagiza kwamba atarudi kukaa naye, yeye na mwanawe. Aliomba jambo moja tu: kuta za chumba zipigwe lipu, kwa kuwa mtoto ana pumu na vumbi la udongo linamuumiza.

Vuai akafunua magunia. Mawe yalikuwa yamejivunja yenyewe, yamekuwa unga. Akafurahi kama mtu aliyekuta wali umejipika. Akatia maji peke yake. Hayakulia, hayakuchemka; yalibaki baridi. "Afadhali," akasema, "bila fujo." Akachanganya na mchanga, akapiga lipu siku tatu, ukuta ukapendeza kama kanzu ya Idi.

Biubwa akaja. Siku ya pili mtoto aliegemea ukuta, na lipu ikamwangukia kipande kizima, kikasagika juu ya mkeka. Chumba kikajaa vumbi. Mtoto alikohoa mpaka midomo ikageuka rangi. Alipopata pumzi, mama yake alifunga mizigo. Hakumlaumu baba yake hata kwa neno. Alimbusu mkono, akaenda.

Ngwali alimkuta Vuai amekaa katikati ya kifusi. Akaokota kipande, akakisaga kwa vidole viwili.

"Hii ilikunywa zamani, ndugu yangu. Uliinyima maji, ikayanywa hewani kidogo kidogo, na moto wake ukatoka bila kumfaa mtu."

 Vuai alilia kwa sauti, Ngwali amesimama pale pale anamtazama. Wala hakuinuka kwenda kufunga mlango.

Nawe uliyejifungia ndani usije ukachemka mbele za watu, moto wako unakwenda wapi?