Bakuli la Mwanjaa

"Aliyehama na bakuli la jirani hajahama."

Mmelisikia neno hili leo asubuhi, mlipokuwa mnapakia vyombo vya mwalimu kwenye trekta, na bibi mmoja akalitupa pale barabarani kama mzaha. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maana yake. Ningeweza kuwaambia maana kwa maneno mawili, lakini mngeisahau kabla ya jioni. Afadhali niwaambie lilikotoka. Lilitoka jikoni, na lilianza hivi.

Katika bonde la mto Lukuledi palikuwa na nyumba mbili zilizotengwa na ua wa makuti wenye pengo la kupita mtu mmoja. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mfaume, seremala, na mkewe Somoe. Binti yao Salima alikuwa ameolewa Masasi, kwa hiyo walibaki wawili. Nyumba ya pili ilikuwa ya Mwanjaa, mjane, aliyempita Somoe miaka saba hivi. Somoe alimwita dada, ingawa hawakuzaliwa tumbo moja.

Kati ya nyumba hizo kulikuwa na bakuli. Lilikuwa bakuli la bati, jeupe, mdomo wake wa buluu, limebanduka rangi upande mmoja. Mwenyewe alikuwa Mwanjaa. Alilipeleka kwa Somoe likiwa na mbaazi za nazi siku ile Somoe alipoletwa pale akiwa bi arusi, na tangu hapo, kwa miaka kumi na minane, bakuli lilipita katika lile pengo kwenda na kurudi. Likikaa huku siku mbili, kesho yake liko kule.

Lilikuwa na taratibu zake, na hakuna aliyekumbuka kama ziliwahi kusemwa. Halirudi tupu. Mwenyewe haliulizi, maana kuuliza ni kudai, na jirani hadaiwi chakula. Tena kinacholijaza lazima kiwe kimeiva katika chungu chako, maana watu wa bonde lile waliamini kwamba kilichoiva katika chungu cha kuazima ni sadaka ya mwenye chungu. Hayo tu. Kwa taratibu hizo tatu wanawake wale wawili waliishi vizuri kuliko wengi walioandikiana mikataba.

Basi kaka yake Mfaume, aliyekuwa akiishi juu kwenye uwanda wa Makonde, akafariki. Akaacha shamba la mikorosho na mama yao mzee asiyeona vizuri, asiye na wa kumchotea maji. Hapakuwa na cha kujadili. Mfaume na Somoe wangehamia juu.

Walipata bahati ya lori la mnunuzi wa korosho, lililopanda likiwa na nafasi mara kadhaa kwa wiki. Dereva wake, Chilumba, alikubali kuwabebea mizigo kidogo kidogo kwa wiki nzima. Jumatatu asubuhi Somoe alikwenda mtoni kufua. Aliporudi, jiko lilikuwa jeupe. Chungu, sufuria, kinu na mchi wake, mbuzi ya kukunia nazi, hata mwiko, vyote vilikuwa vimeshaondoka.

"Mfaume, umefanya nini?"

"Nimepakia vizito kwanza," akajibu Mfaume, akijifuta jasho, ameridhika na kazi yake. "Vizito hukaa chini, Mama Salima. Ukianza na magodoro, kinu utakiweka wapi?"

"Na tutakula nini wiki nzima?"

Mfaume akatazama mahali jiko lilipokuwa. Ilionekana wazi kwamba jambo hilo halikuwa limempitia kichwani. "Mihogo ya kuchoma," akasema mwishowe. "Babu zetu walikula mihogo ya kuchoma wakajenga nchi."

"Babu zetu hawakupeleka mwiko Makonde wakabaki bondeni," akasema Somoe, lakini alicheka.

Mchana huohuo Mwanjaa alipita katika pengo na bakuli lake. Aliona jiko tupu, akatikisa kichwa. "Mume akipanga safari, chumvi hutangulia na samaki akabaki," akasema. "Haya, kuleni." Ndani mlikuwa na wali na mbaazi za nazi, kama siku ile ya kwanza. Walikula wakiwa wameketi juu ya sanduku, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo Somoe kuhisi njaa. Mwanjaa hakukaa. Alisema ana kazi shambani. Walipomaliza, Somoe akaliosha bakuli, akaligeuza kifudifudi dirishani likauke.

Jumanne walikula mihogo ya kuchoma, wamesimama, mikono ina masizi. Jioni mke wa imamu akawaletea ugali wa muhogo na kisamvu, akawasubiri mpaka wamalize kula, akaondoka na vyombo vyake, kama ilivyo ada kwa watu walio safarini. Jumatano ilikuwa maandazi na chai ya mgahawani, na chai yenyewe ilipoa wakati wanafunga kitanda kamba. Alhamisi majirani wa ng'ambo ya barabara waliwapikia pojo, zile choroko za kijani. Watu walikuwa wema. Hakuna siku waliyolala njaa.

Lakini Mwanjaa hakuja tena.

Kila chakula kilipofika, Somoe aliinua macho kwanza kutazama pengo la ua, kisha akatazama sahani. Alisikia kikohozi upande wa pili, akasikia Mwanjaa akifukuza kuku, akanusa nazi inayochemka. Kulikuwa na hatua kumi tu. Angeweza kupita. Lakini kila alipotaka kupita aliliona bakuli dirishani, safi, tupu. Apite mikono mitupu, wakati bakuli la watu liko kwake? Au apite nalo tupu? Kurudisha bakuli tupu siku za kuhama! Kungekuwa ni kusema, tumemalizana.

Alifikiri kuazima chungu. Akakumbuka kwamba chungu cha kuazima hupika cha mwenyewe. Tena, katika mtaa mzima, mtu ambaye angemwazima chungu bila maswali alikuwa Mwanjaa.

Kwa hiyo alingoja. Alijiambia dada atakuja leo. Leo ikapita. Ijumaa watu walikusanyika baada ya sala, wakala wali pamoja uani kwa Mfaume, wakawaombea dua ya safari. Mwanjaa alisimama nyuma kabisa, karibu na wanawake wa mbali, akaitikia amina, akaondoka kabla mikono haijanawishwa. Somoe aliubakisha wali wake.

Jumamosi asubuhi lori lilipiga honi. Mlango wa Mwanjaa ulikuwa umefungwa. Somoe alilichukua bakuli dirishani, akaenda nalo mpaka penye pengo. Akasimama.

"Mama Salima!" akaita Mfaume. "Chilumba anasema jua litatukuta mlimani!"

Alisimama kidogo tena. Kisha akaliviringisha bakuli katika kanga, akapanda lori, akaliweka mapajani. Hakulia. Alikodolea macho paa la Mwanjaa mpaka minazi ikalifunika.

Huko juu nchi ilikuwa nyingine. Udongo mwekundu, upepo, mikorosho mpaka macho yachoke, na hakuna mnazi hata mmoja. Maji yaliteremkiwa mbali, yakapandishwa kichwani. Somoe alifungua mizigo, akapanga mafiga, akapika kisamvu cha karanga. Kilipoiva, mkono wake ukachota upawa wa kwanza ukaujaza katika bakuli la bati, kama ulivyozoea kufanya kwa miaka kumi na minane. Ndipo akageuka kutafuta pengo la ua, akaona upepo tu na mikorosho.

Mama mkwe alisikia vyombo vikiwekwa mkekani, akavihesabu kwa masikio. "Tuko watatu," akasema. "Sahani ya nne ya nani?"

Mfaume akalitazama. "Hili si la Mwanjaa?"

"Ndilo."

"Umesahau kulirudisha! Mpe Chilumba kesho, atalishusha."

"Chilumba akilishusha litakuwa limerudishwa," akasema Somoe.

"Si ndivyo unavyotaka?"

Somoe akalivuta bakuli upande wake. Jibu lake halikuwa jambo ambalo mume wake, mtu mwema wa kupima mbao, angeweza kulipima. Bakuli likirudi bila yeye, kila mmoja atakuwa kwake. Likikaa, yeye ni mwizi. Alikula kile kisamvu cha bakulini mwenyewe, kikiwa kimepoa.

Ikawa hivyo wiki tatu. Kila siku alipika cha watu wanne, kila siku akakuta amekosea. Aliota nazi. Mchana akitwanga muhogo alijikuta akisimamisha mchi ili asikie kikohozi cha upande wa pili.

Siku moja Chilumba alishusha magunia matupu, akaja kuomba maji ya kunywa. Akamaliza kata nzima, akacheka peke yake.

"Bondeni wanakusema, mama. Wanasema umemwibia mjane bakuli."

Somoe aliona aibu ikimpanda usoni. "Na mwenyewe anasemaje?"

"Mwenyewe? Juzi pale sokoni wanawake wamemzunguka. 'Ehe, shoga yako kahama na bakuli lako! Miaka yote ile, bakuli ndiyo ahsante?' Akaendelea kuchagua dagaa zake. Kisha akawaambia: 'Aliyehama na bakuli la jirani hajahama.'"

Somoe akaweka kata chini. "Rudia."

"Aliyehama na bakuli la jirani hajahama."

"Alikuwa anacheka?"

Chilumba akafikiri. Alikuwa dereva, si mtu wa kuchunguza nyuso za watu. "Hapana," akasema. "Alikuwa kama mtu anayengoja gari."

Lori liliteremka keshokutwa yake. Alfajiri ile Somoe alichemsha ming'oko, vile viazi vya porini ambavyo bondeni havipatikani, akalijaza bakuli, akalifunga kwa kanga, akamwambia Mfaume, "Nakwenda kupeleka chakula."

"Safari ya nusu siku, kupeleka chakula?"

"Nimechelewa wiki nne."

Mfaume alimtazama, kisha akatoka kwenda kumwambia Chilumba amwekee nafasi mbele, asiketi juu ya magunia.

Alifika adhuhuri. Hakupitia mlango wa mbele. Alizunguka nyumba aliyoihama, akapita katika lile pengo. Mwanjaa alikuwa anakuna nazi. Hakusimama, ila mkono wake uliacha kukuna.

"Karibu, mwizi," akasema.

"Nimekaribia, dada. Chakula kimepoa."

"Kimepoa, au umekipoza? Wiki nzima nilikaa hapa nikitazama pengo hilo. Nikasema, leo ataleta. Nikasema, labda kesho."

"Wiki nzima mimi nilikuwa nakungoja wewe! Uliacha kuja."

"Nije vipi na bakuli liko kwako? Ningekuja ungedhani nalidai."

"Na mimi nilirudishe vipi? Chungu kilikuwa Makonde!"

Wakatazamana. Mwanjaa akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka machozi yakamtoka. Na yalipoanza kutoka hayakuwa ya kicheko tena. "Mfaume na vizito vyake," akasema, akijifuta kwa upindo wa kanga. "Siku ile ya lori nilikuwa nyuma ya mlango. Niliona ukisimama pale. Nikaomba, Mungu wangu, asilirudishe tupu. Ulipoondoka nalo, nikapata usingizi."

Wakala ming'oko wakiwa wameketi chini. Mwanjaa alisema ina chumvi nyingi. Somoe alisema mdomo wa uzee ndio wenye chumvi. Jua lilipoinama na honi kulia barabarani, Somoe aliinuka, na moyo wake ukawa mzito, maana bakuli sasa lilikuwa limerudi kwa mwenyewe na hakuwa na sababu tena.

Mwanjaa aliliosha. Akafunua chungu chake, akalijaza wali na mbaazi za nazi, akalifunga katika kanga ileile, akamtia Somoe mikononi.

"Zamu yako," akasema. "Usinicheleweshe."

Bakuli lile lilipanda na kushuka mlima ule kwa miaka kumi na mmoja. Wakati mwingine mara moja kwa mwezi; mvua zikikata barabara, miezi minne. Chilumba alilisimulia neno la Mwanjaa kila alipofunga breki, na hivyo ndivyo lilivyotufikia sisi tusiomjua.

Mwanjaa alifariki masika moja. Bakuli lilikuwa juu. Somoe alishuka matangani akilibeba, limejaa, na wanawake wa pale wakamwambia, weka hapo kwenye vyombo, Bi Somoe, sisi tutaosha. Somoe akawagawia watoto wa mtaa ule chakula, akaliosha mwenyewe kwa maji ya mtungi wa Mwanjaa, akaondoka nalo. Hakuna aliyemuuliza. Halikuwa na wa kulingoja tena, wala wa kulijaza.

Aliishi Makonde miaka mingi baada ya hapo. Alimzika mama mkwe kule, akamzika Mfaume kule, akavuna mikorosho iliyopandwa na mkono wake mwenyewe. Lakini mgeni akipita na kumuuliza, "Bibi, kwako ni wapi?" alijibu bila kufikiri:

"Kwangu bondeni, Lukuledi. Huku juu nimeleta mizigo tu."

Basi, wajukuu wangu, mkirudi kule kwenye trekta na yule bibi akalisema tena, msicheke haraka. Mtazameni kwanza usoni, kisha mtazameni mwalimu anayeondoka, mwone amebeba bakuli la nani. Aliyehama na bakuli la jirani hajahama.