Rudisha Kwanza

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma, hamjala nini? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, enzi watu walipokuwa wakirithi kila kitu, hata watu wenzao, palikuwa na kijiji cha wakulima wa muhogo. Kijijini humo aliishi bibi mmoja, Bi Mashavu. Mashavu yenyewe hakuwa nayo. Jina ni jina tu.

Bi Mashavu hakuwa jumbe wala mganga. Kazi yake ilikuwa kuita watu. Likizuka neno la kukigawa kijiji, atawaita wote uani kwake, waume kwa wake, kila mtu na kisu chake na muhogo wake. Watakaa duara, watamenya. Kwaru, kwaru, kwaru.

Sharti la ua ule lilikuwa moja. Mwenzio akisema, humjibu mpaka uyarudishe maneno yake. Uyaseme kwa "mimi", kana kwamba ni yako. Mwenyewe akikiri, "Ndiyo yangu," hapo nawe utasema lako. Asipokiri, visu vinasimama. Muhogo haumenywi, na chungu hakipandi jikoni.

Basi akafa mtu, akaacha watoto na mjane, Mwanamvua. Mdogo wa marehemu aliitwa Kondo. Mila ilisema Kondo amrithi shemeji yake. Mwanamvua akakataa. Kondo akaona aibu, tena aibu ya mwanamume, ambayo huwa kubwa kuliko mwanamume mwenyewe.

"Hataki kurithiwa?" akasema. "Atoke nyumbani kwa kaka. Na watoto awaache."

Bi Mashavu akaita. Wakaja. Kwaru, kwaru, kwaru.

Mwanamvua akasema, "Shemeji, mume wangu nimemuuguza mpaka mwisho. Sikukatai wewe, wala siukatai ukoo wenu. Nyumba ile tumeikandika wawili, niacheni nilee wanangu humo. Sitaki kugawiwa pamoja na majembe."

Kondo akadakia, "Huyu anajiona..."

"Rudisha kwanza," akasema Bi Mashavu. Hata uso hakuinua.

Kondo akakohoa. "Mimi simtaki Kondo kwa kuwa ni maskini."

"Si yangu hiyo," akasema Mwanamvua.

Visu vikasimama. Nzi akasikika, zzzz.

"Mimi nina mwanamume mwingine," akajaribu tena Kondo.

"Si yangu hiyo."

Jua likapanda. Watoto wakaanza kulia njaa.

"Rudisha, baba, tule!" akalalama mzee mmoja. Mila aliipenda, ila tumbo alilipenda zaidi.

Kondo akamgeukia Mwanamvua. "Hebu sema tena, shemeji."

Mwanamvua akasema tena, maneno yale yale, taratibu. Safari hii Kondo alisikiliza bila kutafuta jibu. Kisha akaanza.

"Mimi nimemuuguza mume wangu mpaka mwisho. Simkatai Kondo. Siukatai ukoo. Nyumba tumeikandika wawili, niacheni nilee wanangu. Sitaki kugawiwa pamoja na..."

Neno likamkwama. Majembe ya kaka yake aliyachukua yeye, hata matanga hayajaanuliwa. Aliyachagua moja moja, akiyapima makali kwa kidole.

"Pamoja na majembe," akamaliza. Ikamuuma.

"Ndiyo yangu," akasema Mwanamvua.

Kwaru, kwaru, kwaru.

"Haya, Kondo, sema lako," akasema Bi Mashavu.

Kondo alikuja na maneno tele. Akayatafuta, asiyaone.

"Naogopa," akasema. "Watu watasema nimewatupa watoto wa kaka."

Mwanamvua akarudisha, "Mimi naogopa. Watu watasema nimewatupa watoto wa kaka."

"Ndiyo yangu," akasema Kondo, na machozi yakamtoka mbele ya wanaume wenzake.

Mwanamvua akabaki nyumbani kwake na wanawe. Mvua za kwanza zilipoanguka, Kondo akafika na majembe yote begani.

"Karibu ndani, shemeji," akasema Mwanamvua.

"Sikuja kuingia, shemeji. Nimekuja kulima."

Akalima mpaka jua likapinda. Akayaegemeza majembe mlangoni, akaenda zake mikono mitupu.

Bi Mashavu alikufa zamani. Hukumu yake hata moja haikumbukwi, maana hakuhukumu. Watu wanakumbuka ua wake tu, na visu vilivyosimama.

Funzo ni hili: usimjibu mtu kabla hujamsikia, maana huenda unagombana na maneno yako mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesinzia asiniulize.