Siku Fisi Alipoikimbilia Nchi

Mpo?
"Tupo!"
Masikio?
"Wazi!"
Midomo?
"Tumeifunga!"
Basi tulieni.

Katika nchi ya Nyikani aliishi Digidigi, binti mdogo, miguu myembamba kama njiti. Kila alfajiri alilizunguka bonde, ti-ti-ti-ti, mama yake akimhesabia kwa ngoma. Mwaka wa kwanza alimaliza kwa mapigo mia tatu. Mwaka wa pili, mia mbili na hamsini. Mwaka wa tatu, mia mbili kamili. Watu wakasema, "Huyu ndiye atakayetutoa aibu kwenye Michezo ya Nchi Saba."

Mkuu wa msafara alikuwa Fisi. Fisi alisikia kwamba huko wanamichezo hula bure. Akaichukua orodha. Akamfuta mwogeleaji, akamwandika mjomba wake. Akamfuta mrusha mkuki, akamwandika shangazi yake. Akamfuta Digidigi, akamwandika mke wake mdogo.

"Mzee, na mimi?" Digidigi akauliza.

"Wewe binti utabeba mabegi. Huo nao ni uzalendo. Hi-hi-hi!"

Digidigi akabeba mabegi. Walipofika, akawaza, kisha akamwendea Fisi.

"Shikamoo Mzee. Nimepita jikoni. Meza ya wakuu inapewa mchicha. Wakimbiaji wanapewa paja zima."

"Paja zima?"

"Zima, na mfupa wake."

"Na uboho?"

"Na uboho, Mzee."

Fisi akamfuta mkewe, akajiandika mwenyewe. Akala paja, kwa! kwa! kwa!

Hapo Digidigi akaenda mbio kwa Kasuku, mtangazaji. "Mkimbiaji wetu ameshakula. Usisahau kumwita." Aliwaza hivi: Fisi akiitwa mbele ya nchi saba ataogopa, ataniita nikimbie badala yake. Akajinyoosha miguu. Akangoja.

"Mbio ndefu! Kutoka Nyikani, Fisi!"

Fisi akatoa macho. "Mimi?"

"Anayekula hapa sharti ashindane," Kasuku akasema. "Au umtoe mwingine, naye ndiye atakayekula kuanzia leo."

Digidigi akasogea. "Mzee, nipo tayari."

Fisi akamtazama Digidigi. Akaikumbuka jioni, akalikumbuka paja la jioni. "Nitakimbia mwenyewe!"

Wenzake wakatoka, dududu! Fisi akatoka, kwechu, kwechu, kwechu. Hakumaliza hata mzunguko mmoja. Puu! Akalala kifudifudi, bendera ya Nyikani mgongoni. Uwanja mzima ukacheka.

Digidigi hakucheka. Alikuwa anahesabu mapigo kichwani, maana mbio zile zilikuwa na urefu uleule wa kulizunguka bonde lao. Swala wa nchi jirani alishinda kwa mapigo mia mbili na ishirini.

Baadaye Swala akamfuata. "Dada, sifa zako zilitufikia, nilikuwa nakuogopa wewe tu. Mbona hukukimbia?"

"Nilishika mabegi."

Mjomba alizama, akaopolewa. Shangazi aliurusha mkuki nyuma. Nyikani wakarudi bila medali hata moja. Wananchi wakawangoja mpakani. "Imekuwaje?"

Fisi akasafisha koo. "Tumepata uzoefu. Tungeshinda, ila mbeba mabegi alituvunja moyo."

Baraza likamfukuza mbeba mabegi. Fisi akaongezewa miaka minne.

Digidigi akamuaga mama yake, akavuka mto mpaka nchi ya Swala. Huko hawakumuuliza ukoo. Walisema, "Hebu kimbia tukuone." Akakimbia.

Michezo iliyofuata, Digidigi akashinda kwa mapigo mia na tisini. Wimbo wa nchi ya Swala ukapigwa. Akasimama wima, akachezesha midomo tu, maana maneno hakuyajua.

Na kule kwenye jukwaa la wakuu Fisi alikuwa amesimama, mafuta yakimchuruzika kidevuni, anawaambia majirani, "Mnamwona yule? Nimemlea mimi!"

Niendelee?
"Tosha!"
Basi nimeutua mzigo, atakaye aubebe.

Na funzo lake, watoto? Mazoezi yanachosha miguu bure. Mkitaka kuitumikia nchi yenu, anzeni kulizoeza tumbo.