Chafya za Alasiri

Watoto wametoka? Hakikisheni wametoka, mfunge na mlango. Maana haya niliposimuliwa, mimi na utu uzima wangu huu, nilishika kifua nikasema toba.

Basi hapo zamani, kuta za mtaa wa Mkunguni zilipokuwa nyembamba na masikio ya majirani mapana, aliishi Sikudhani, mke wa Shamte fundi makanzu. Mtaa ule ulikuwa na desturi. Mwari akikaribia kuolewa, wanawake hujifungia naye ndani, na mmoja wao humsimulia hadithi ya chumbani, ili ayajue mambo kabla mambo hayajamjua yeye. Mwari huruhusiwa kucheka, kulia, hata kujiziba uso. Kuuliza swali, mwiko.

Mwaka huo alikuwa anaolewa Mwajabu, mshona kofia, mwanamke wa miaka ishirini na mitano. Mchumba wake Makame alimpenda sana. Lakini shangazi zake walikuwa wamemtisha mno, akasema waziwazi: "Makame namtaka. Hicho chumba ndicho nisichokitaka."

Mama yake, Bi Chausiku, akaona harusi inaota mbawa. Akakitoa kitanda chake cha samadari, cha kurithi, akakiweka barazani kila mtu akione. "Atakayemtoa mwanangu hofu," akasema, "kitanda chake."

Msimulizi wa siku zote alikuwa mgonjwa, sauti imemkauka. Kazi ikamwangukia Sikudhani, ambaye hata hadithi ya sungura hajawahi kuisimulia. Akakimbilia kwa kungwi, Bi Mwatumu.

"Somo yangu, naanzaje?"

"Polepole," akajibu Bi Mwatumu. "Wanaoanza hukimbilia kitandani, kumbe utamu uko mlangoni. Mvue bwana viatu kwanza. Udi unukie, maji yamiminwe, mtu angoje. Kiungo usikitaje, anayesikiliza ana akili zake. Na ukimaliza usifafanue. Ukifafanua umeiua."

Sikudhani akarudi nyumbani, akamuuliza na mumewe. Shamte alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, hata macho hakuinua.

"Tia kitu kimoja cha kweli," akasema. "Uongo mtupu hauna joto."

"Cha kweli nitakitoa wapi, mume wangu?"

Shamte akatabasamu, kichwa kikavimba. "Humu humu ndani. Mradi jina langu usilitaje."

Wanaume hawa! Haya, tuendelee.

Siku ikafika, milango ikafungwa. Sikudhani akasimulia habari za bwana mmoja asiye na jina. Kila alasiri bwana huyo huingia ndani, huvua viatu, huikunja kanzu yake vizuri kama ya kuuzwa, kisha huketi. Mkewe hufukiza udi. Hutazamana, hakuna anayesema neno. Mke humimina maji kwenye viganja vya mumewe, tone kwa tone, na bwana, mapenzi yakimzidi, hupiga chafya. Chafya ya kwanza, mke hufungua ushungi. Ya pili, hushusha pazia. Ya tatu...

"Ya tatu," akasema Sikudhani, "pazia lilishashuka, mimi sikuona."

Salale! Wanawake wakatazamana, midomo wazi. Kwa miaka mingapi chafya zilikuwa zikisikika alasiri kutoka nyumba ya Shamte? Kwa miaka mingapi wao walikuwa wakigonga ukuta na kumwitikia, "Afya!" Na mama mzazi wa Shamte alikuwa ameketi pale pale mbele, yeye ambaye kila zikisikika alimchemshia mwanawe tangawizi akampelekea mlangoni! Maskini bibi wa watu alijifunika kanga gubigubi, akatoka kwa kupapasa ukuta.

Mwajabu akacheka mpaka machozi. "Kumbe ndiyo hivyo tu? Niozesheni hata kesho!"

Harusi ikapita, watu wakakizingira kitanda. Bi Mwatumu akasema: "Ni changu mimi. Bila mafunzo yangu angeropoka." Sikudhani akasema: "Ni changu mimi. Ulimi uliotetemeka ni wangu." Shamte akamvuta Bi Chausiku pembeni. "Kuna mtu, simtaji, pua yake imetumika. Naye afikiriwe."

Wakabishana siku ile, wakabishana siku ya pili. Siku ya tatu, Mwajabu huyo! Bibi harusi, na hina ya harusi bado mbichi mkononi, karudi kwao na furushi la nguo. Akaketi juu ya samadari, akaangua kilio.

"Mama, Makame hanipendi."

"Kakupiga?"

"Hajanipiga."

"Kakutukana?"

"Hajanitukana. Hakupiga chafya!"

Makame huyo nyuma yake, macho mekundu, pua imevimba. Kwa kumpenda mkewe alikuwa amenusa pilipili manga, akapiga chafya mpaka kofia ikamdondoka.

"Hizo za pilipili," akalia Mwajabu. "Si zangu."

Bi Chausiku akawageukia wale watatu, mmoja wao amweleze mwanawe ukweli. Jana kila mmoja alisema ni mimi. Leo kila mmoja akasema si mimi.

Bi Mwatumu akasema: "Mimi nikifafanua nimevunja mwiko. Mwari gani ataniamini tena?"

Shamte akamnong'oneza mkewe: "Wanacheka, lakini hakuna aliyethibitisha. Siku utakapotamka kwamba ni mimi, nakwenda kwa mama na sirudi."

Sikudhani akasema moyoni: "Nikisema chafya ni za mume wangu peke yake, Mwajabu anarudi kwa mumewe na mimi nabaki bila mume. Nikinyamaza, nimemvunjia mwenzangu nyumba kwa hadithi niliyoipamba mwenyewe."

Makame akasimama juani, anafuta pua. Mwajabu akalikumbatia furushi lake, akawatazama mmoja mmoja usoni. Hakuuliza kitu. Alifundwa asiulize.

Haya, nyie mnaocheka mkiziba midomo kwa kanga, msinitazame mimi. Watu watatu waliujua ukweli, na neno moja tu lingemrudisha Mwajabu kwa mumewe. Je, nani alistahili kulisema?