Fisi Aliyetafuta Wema Usio na Mfupa

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa njaa!
Ya nani?
Ya Fisi!

Basi hapo zamani za kale, neno "wema" lilikuwa geni porini. Wanyama walikuwa na neno la nguvu, neno la ujanja, na maneno kumi ya shibe. La wema hawakuwa nalo. Kanga ndiye aliyelileta. Alilidonoa shambani kwa watu pamoja na mtama, akawa analiimba kutwa:

"Wema hauozi! Wema hauozi!"

Fisi akasikia. Alikuwa na siku tatu hajatia kitu mdomoni. Kila chakula alichokijua Fisi kilioza. Kingine alikikuta kimeshaoza, akala hivyo hivyo. Lakini kisichooza?

"Bi Kanga," akasema, "huo wema una mifupa?"

"Hata mmoja."

Mate yakamdondoka.

"Nikimgawia mtu, unapungua?"

"Unazidi."

Fisi akakaa chini. Mkia unapiga vumbi kwa furaha.

"Naupata wapi, mama?"

"Msaidie mwenye shida, uende zako, usigeuke nyuma."

Fisi huyo, mbio! Akamkuta Mbuni, mguu umenaswa kwenye kitanzi. Siku nyingine angemla. Leo amle wa nini? Mbuni mifupa mitupu! Akaikata kamba kwa meno, akaenda hatua tatu, akageuka.

"Wema wangu uko wapi?"

"Upi?" akauliza Mbuni.

"Ule usio na mfupa!"

Mbuni akacheka mpaka manyoya yakampukutika.

Mbele akamkuta Nyati, mwiba umemchoma kwatoni. Akaung'oa, akaenda hatua tatu, akageuka.

"Wema wangu uko wapi?"

"Una homa, bwana," akasema Nyati. "Kalale."

Mbele tena akamkuta Ngiri analia. Jiwe limeziba shimo lake, na watoto wamo ndani. Fisi akalisukuma jiwe. Wakatoka watoto sita, wanono. Fisi akameza mate mara tatu, akafumba macho, akaenda hatua tatu, akageuka.

"Wema wangu uko wapi?"

"Shemeji, sina hata mzizi. Nina asante tu."

"Asante ina nyama?"

"Haina."

Fisi akawaka. Akarudi kwa Kanga anatoa povu. "Mwongo wewe! Leo nakula wewe na neno lako!"

Akaruka. Kanga naye akaruka. Fisi akatua juu ya majani makavu, na chini ya majani palikuwa na shimo la wawindaji. Puu!

Shimo refu, kuta zinateleza. Huku juu mbwa wa wawindaji wanabweka, wanakaribia. Fisi akapiga yowe. Hakuulilia wema tena. Aliililia roho yake.

Mbuni akasikia, akaja na kamba ya kile kitanzi mdomoni. Ngiri akaja, akachimba ukingo mpaka ukawa mteremko. Nyati akavuta. Fisi akatoka, wote wanne wakatimua mbio hadi kichakani.

"Mmenitoa kwa nini?" akauliza Fisi, anahema. "Mimi sina cha kuwapa."

"Hee! Nawe ulipotutoa, sisi tulikuwa na nini?" akasema Ngiri.

Fisi akafikiri. Wema aliutoa asubuhi, jioni haujaoza. Aligawia watatu, naye umembakia. Akajipapasa tumbo: mfupa hauna.

"Kumbe ndio huu!"

Akaangua kicheko, akacheka na njaa yake palepale. Ndiyo maana fisi hucheka mpaka leo. Na akienda hatua tatu hugeuka nyuma, kwani tamaa ya nyama haijamtoka.

Basi, wenzangu, tenda wema uende zako. Wema hauliwi wala hauozi, na utaujua siku ukiwa shimoni.

Ngano yangu nimeitoa shimoni. Anayetaka nyingine, aje na kamba yake.